Mkeka wa Mama katika Chumba cha Kiden

Mama yangu alipozikwa Koboko, sikulia. Nilipokea wageni, nikasimamia sufuria za wali, nikagombana na mwenye maturubai aliyetaka kuyaondoa kabla watu hawajamaliza dua, na kila aliyenipa mkono alinitazama usoni mara mbili, akitafuta machozi asiyaone. Jiko letu lina dirisha lisilo na kioo, kwa hiyo niliwasikia shangazi zangu wakinijadili huku wanaosha sahani. "Huyu Kaltuma iko jiwe," mmoja alisema. "Hata leo?" Mwingine akajibu, "Hata leo. Mama yake mwenyewe ilikuwa nasema hivyo." Ni kweli, Mama alisema hivyo, na nitafika huko, kwa sababu mahali alipolisema neno hilo napakumbuka mpaka rangi ya pazia. Siku ile niliendelea na kazi. Watu walipoondoka niliikung'uta mikeka, nikaikunja, nikaipanga nyuma ya mlango wa chumba chake, kisha nikaenda kulala.

Baada ya arobaini nikapigiwa simu kutoka Arua. Alikuwa kijana wa chuo kikuu nilichosoma, ofisi ya mlezi wa wanafunzi, sauti yake laini kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Alisema wamejenga mahali papya pa utulivu kwa ajili ya wanafunzi, jengo zima na bustani yake, na siku ya kulifungua wangependa niwepo. Mgeni wa heshima angetoka Juba, Daktari Kiden, ambaye bila shaka namkumbuka, na jengo limepewa jina lake kwa kuwa yeye ndiye aliyeanzisha chumba cha kwanza. "Na mimi?" nikamuuliza. Nikasikia karatasi zikifunuliwa. "Wewe, Madam, tunakualika kama mmoja wa waliokuwepo." Mmoja wa waliokuwepo! Mimi niliyekitoa kile chumba kwenye buibui na viti vya miguu mitatu! Nilimshukuru kwa adabu, nikakata simu, nikazunguka uani nikiongea peke yangu mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Nisimpotezee mtu muda: nina wivu. Nilikuwa nao nikiwa msichana, na ninao sasa nikiwa na mvi na goti linalouma wakati wa mvua. Nilimwonea Kiden wivu mwaka mzima, na mambo niliyomwonea wivu ni mawili tu, chumba na mama yangu.

Mwaka ule tulilala chumba kimoja, mimi na yeye, katika hosteli ya wasichana nje kidogo ya mji, njia ya Ombaci. Kilikuwa chumba chembamba, vitanda viwili vikitazamana, na katikati nafasi ya kutosha mtu mmoja kusimama na kuvaa huku mwingine akisubiri. Upande wangu ulijaa vitu: viatu, mabeseni, magazeti, picha za mastaa nilizobandika kwa uji wa muhogo. Upande wake ulikuwa na begi moja, chandarua alichokikunja kila asubuhi pembe kwa pembe, na kikombe cha bati. Kiden alikuwa mkimbizi kutoka Yei, ng'ambo ya mpaka wa Sudan Kusini, msichana mrefu, mweusi tititi, mtu wa maneno machache. Mimi nilikuwa msemaji. Nilijua majina ya wasichana wote wa hosteli, ya wapenzi wao, na ya walimu waliowachukia. Jioni tulipika pamoja kwenye sigiri moja mlangoni, maharage yake akiyaunga kwa simsim ya kusaga, na harufu ile ilipopanda wasichana walikuja na sahani zao. Walikuja, wakakaa upande wake, kwenye kitanda chake kisicho na kitu, wakamweleza mambo yao. Mimi nilikuwa hapohapo, umbali wa mkono tu kutoka kwao, nikiwa na majibu yote tayari, na hakuna aliyeniuliza. Walikuwa wakisema, "Kiden, nisikilize," na Kiden akikoroga maharage bila kutoa shauri lolote la maana. Mpaka leo sijui walikuwa wanapata nini.

Chuo chetu wakati huo hakikuwa na mahali pa mtu kutulia. Hosteli ilikuwa na redio katika kila chumba, maktaba ilikuwa ubavuni mwa jenereta, na nyuma ya madarasa kulikuwa na barabara ambako bodaboda zilijaribiwa injini baada ya kutengenezwa. Ukitaka kulia ulikwenda chooni, na chooni kulikuwa na foleni. Siku moja, katikati ya mtihani, msichana wa mwaka wa pili alisimama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hawezi tena, akaanguka. Hakufa, alhamdulillahi, lakini chuo kizima kilitikisika. Mlezi wetu wa wanafunzi, Madam Ayikoru, mama wa Kilugbara mwenye mwendo wa haraka na miwani iliyofungwa kwa uzi, alituita ukumbini akauliza tunataka nini. Watu wakataja chakula, wakataja maji, mmoja akataja mpira. Nikasimama mimi. Nikasema tunataka chumba kimoja, kimoja tu, ambacho hakina redio wala ubao wala mwalimu, mtu aingie akae mpaka moyo urudi mahali pake. Madam Ayikoru akavua miwani. "Kaltuma," alisema, "hilo ni jambo. Kuna stoo nyuma ya maktaba. Itengeneze, na atakayeiweza ndiye atakayeshika ufunguo." Nilirudi hosteli nikiwa nimeshajiona na ufunguo ule shingoni. Nilimweleza Kiden habari hiyo mara nyingi jioni ile, na kila mara alisema ni vizuri.

Tuliifanya kazi wiki kadhaa, mimi, Kiden na wasichana wengine wawili waliochoka mapema. Tulitoa viti vilivyovunjika, tukaua nge, tukapaka kuta chokaa iliyochanganywa na rangi ya samawati kidogo. Niliamua hakuna kiti kitakachorudi ndani, kwa sababu kiti humkumbusha mwanafunzi mtihani. Watu wakae chini, wavue viatu mlangoni, wasiongee. Ukutani nitatundika tabaga, zile kawa za rangi za kufunikia chakula ambazo wanawake wetu wa Kinubi husuka, na pembeni nitafukiza ubani, kwa kuwa nyumbani kwetu harufu ya ubani ndiyo iliyonilaza utotoni. Kilichobaki ni mikeka. Nikampelekea Mama ujumbe Koboko kwa dereva wa teksi: naomba mikeka mikubwa. Hakuuliza ya nini. Mama hakuwa mtu wa kuuliza, alikuwa mtu wa kuleta.

Aliileta mwenyewe, siku ya mapumziko ya soko, imefungwa juu ya gari kwa kamba za katani, na mfuko wa gurusa, mikate yetu laini ya bapa, ikiwa bado na joto. Nilitaka nimpeleke akaione stoo, lakini gari la kurudi lilikuwa linanguruma barabarani, kwa hiyo tulikaa kitandani kwangu kunywa chai. Hapo ndipo ilipoanza. Kinubi chetu na Kiarabu cha Juba anachokisema Kiden havina umbali mkubwa, na mimi Kinubi changu kilikuwa kimeshaota kutu shuleni. Mama alisema neno, Kiden akalijibu, Mama akashangaa, akacheka, akamwuliza lile linasemwaje kwao, na punde wakawa wao wawili tu mahali hapo. Mama aliyekuwa ananiambia "kula" na "funga mlango" alikuwa na hadithi! Alikuwa na utani! Niliwatazama nikiwa nimeshika birika. Alipogawa gurusa, ile ya juu iliyofura vizuri, ambayo tangu utoto nilijua ni yangu, akampa Kiden. "Binti yangu huyu amekonda," aliniambia, kana kwamba ni mimi niliyemkondesha. Niliila ya chini, iliyokuwa imeshikana na mfuko.

Siku ya kufungua chumba nilitangulia asubuhi na kukipanga kwa mikono yangu. Nilitandika mikeka kutoka ukuta hadi ukuta, nikawaweka wasichana watatu waliojitolea wakae nyuma wawe mfano, wamejifunga leso, wametulia, miguu wameikunja upande. Kiden alikaa pembeni. Ubani ulipanda polepole kwenye mwanga wa dirisha. Kusema kweli palipendeza mno, na nilisimama mlangoni nikiwa najivunia kila kitu. Wanafunzi wakaanza kuja. Wa kwanza walikuwa wavulana wa ualimu, waliokuja wakicheka. Walipofika mlangoni walinyamaza. Wakaona ndala zilizopangwa nje, wakaona mikeka, wakaona wanawake wamekaa kimya, wakasikia ubani. Wakavua kofia. Wakaingia kwa kuinama, wakakaa karibu na ukuta, wakatazama chini. Nikafurahi, nikadhani wameelewa. Kisha mmoja wao, mtoto wa Koboko kwa mazungumzo yake, akanikaribia kwa magoti na kuninong'oneza, "Pole, sista. Mutu gani imekufa?"

Mtu yeyote wa kwetu angeliona mapema, ila mimi niliyekuwa nimelewa ufunguo. Kwetu viti vikitolewa ndani, mikeka ikatandikwa ukuta hadi ukuta na wanawake wakakaa kimya, hiyo ni nyumba yenye msiba, na hakuna maelezo zaidi yanayohitajika. Nilikuwa nimetengeneza matanga. Kabla sijapata la kumjibu yule kijana, habari zilishatoka nje: kuna msiba nyuma ya maktaba. Wakaja wengi. Wasichana wa hosteli ya pili walikuja na sukari kwenye mfuko. Wavulana wa kilimo, Mungu awabariki, walibeba kuni. Chama cha wanafunzi Wakristo kiliingia na vitabu vya nyimbo, kiongozi wao akaanza wimbo wa kuaga kwa sauti nzito, na Waislamu waliokuwepo wakanyanyua mikono kuomba dua palepale. Madam Ayikoru alifika, akasimama mlangoni, akaziba mdomo kwa kiganja. Nikaona mabega yake yanatikisika.

Nikasimama katikati. "Jamani, hakuna aliyekufa!" nikasema. "Hiki ni chumba cha kupumzika! Ni cha utulivu!" Mmoja akaangua kicheko, na kikaenea chumba kizima. Yule wa kuni alishika tumbo. Watu wakaanza kuinuka, wakitafuta ndala zao, wakichukua sukari yao. "Kaltuma ametuitia matanga ya hewa," mtu alisema, nami nilijua jina hilo litanifuata mpaka mahafali. Nilitamani sakafu inimeze na mikeka yake. Ndipo kutoka pembeni nikasikia sauti ambayo haikupandishwa hata kidogo. "Mama yangu," Kiden alisema. Watu wakageuka. Alikuwa amekaa vilevile, mikono mapajani, akitazama mkeka. "Mama yangu iko kufa. Kule Yei. Mwanzo wa muhula walileta habari. Hakuna mutu alitandika mukeka."

Kisha akalia. Sijawahi kusikia mtu akilia namna ile, tangu chini, kama gari linalowashwa baada ya kukaa sana. Hakujifunika uso. Waliokuwa wamesimama wakakaa. Waliokuwa nje wakavua tena ndala zao wakarudi. Kiongozi wa nyimbo akaanza tena, safari hii polepole, na wavulana wa kilimo wakatoka kwenda kuwasha kuni zao ili chai ichemshwe. Walikaa naye mpaka alasiri. Madam Ayikoru alikaa chini na sketi yake ya ofisi, akamlaza Kiden kichwa kwenye paja lake. Mimi nilikuwa nagawa chai. Ningependa kusema nilikuwa nasikitika, na nilisikitika kweli, maana nimelala hatua moja kutoka kwa msichana huyu muhula mzima nisijue. Lakini juu ya masikitiko kulikuwa na kitu kingine, na kilikuwa moto zaidi. Nilikuwa nawaza: hiki ni chumba changu. Ubani ni wangu, mikeka ni ya mama yangu, na fikra ni yangu. Na wote wamekaa kumzunguka yeye. Nilimwonea wivu mtu kwa sababu mama yake amekufa. Nimekutana na watu wengi wenye wivu maishani, wa wake wenza, wa vyeo, wa nyumba za bati jipya, na sijamwona aliyenizidi.

Kuanzia siku hiyo chumba kilijaa. Wapangaji wa mambo haya siku hizi husema mahali pa utulivu panahitaji rangi fulani na mimea fulani, nami siwabishii, lakini chetu kilijaa kwa sababu watu walijua ukiingia hutaulizwa kwa nini una uso huo. Msibani mtu haulizwi. Unavua viatu, unakaa, anayekujua anasogea, asiyekujua anasogea pia, na unaondoka bila kuaga. Alikuja kijana aliyefeli mara ya pili na hajawaambia kwao Kuluba. Alikuja msichana aliyerudishiwa barua zake na mchumba. Hata yule aliyeanguka kwenye mtihani alikuja, akalala usingizi mzito wa mchana mzima kwenye mkeka wa Mama, wenye zambarau na kijani, na Kiden akimpungia nzi. Nilikuwa naenda pia, kuhakikisha ubani. Nikiingia walisema, "Karibu Kaltuma," na wakiulizana wanakutana wapi walisema, "Kwa Kiden." Hawakusema chumbani wala kwenye utulivu. Walisema kwa Kiden. Madam Ayikoru alinipa maneno mazuri mbele ya mkutano, kwamba mimi ni mtu wa mipango, akampa Kiden ufunguo. Kiden alitaka kunipa mimi tukirudi hosteli. Nilimwambia akae nao, sitaki cha kupewa na mtu. Akaufunga kwenye ncha ya leso yake, akaendelea kuchagua maharage.

Mama alizisikia habari hizo Koboko kutoka kwa dereva yuleyule wa teksi, na hakungoja siku ya mapumziko. Alikuja na sufuria zake, nyama, mchele, kahawa na tangawizi, na akamfanyia karama mama wa Kiden, chakula cha kumwombea marehemu, palepale nyuma ya maktaba. Mwanamke wa Kikristo wa Yei ambaye hakumwona hata siku moja. Alipika tangu asubuhi, akiniamuru nichote maji, nikate vitunguu, nifukuze mbwa, na wanafunzi walikula wakalamba vidole. Baadaye nilikwenda kuleta birika, na kati ya chumba na kibaraza nilikuwa nimetundika pazia la kitenge, la njano na ndege weusi. Nikasikia Mama anaongea upande wa pili, kwa Kinubi, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikielekezwa kwangu. Alikuwa amemshika Kiden. Niliwaona kwenye upenyo, mikono yake yote miwili ikiwa mgongoni mwa msichana yule. "Lia, binti yangu," alikuwa anamwambia. "Wewe Mungu amekupa moyo wa kulia. Huyu wangu ni jiwe. Huyu sina wasiwasi naye, hata nikifa leo hatalia, atawapikia wageni tu." Alisema kwa sifa. Najua alisema kwa sifa, kwa sababu alicheka kidogo mwishoni, kama mtu anayesifia mlango wake imara. Nilisimama na birika mpaka likaniunguza kidole. Kisha nikapitisha chai.

Basi nikawa jiwe. Mtu akishasifiwa kwa kitu na mama yake atakifanya mpaka mwisho. Kiden alimaliza chuo, akasomea mambo ya nafsi za watu, akarudi kwao vita vilipotulia, akavikimbia tena, akarudi tena. Katika yote hayo alimpigia Mama simu kila sikukuu, zetu na zao. Nilikuwa namkuta Mama kibarazani, simu sikioni, anacheka, na najua ni nani. "Kiden anakusalimu," angesema, na mimi ningesema namsalimu pia. Mama alipougua, Kiden alituma dawa kutoka Juba kwa wafanyabiashara, na Mama aliweka vikopo vyake chini ya mto hata dawa zilipoisha. Alipofariki, mvua zilikuwa zimekata barabara ya upande wa Yei, na Kiden hakuweza kufika. Alipiga simu akilia. Nilimwambia tumeshamaliza, asijisumbue. Nilifurahi, wallahi nilifurahi, kwamba angalau mara hii nitakuwa peke yangu na mama yangu. Nikawa peke yangu naye, na sikuweza kutoa hata tone.

Kwa hiyo nilikwenda Arua na mkeka. Ule wa zambarau na kijani, niliourudisha Koboko nilipomaliza chuo, nimeutia kwenye gunia, na njia nzima kutoka Koboko niliuweka magotini bila kujua nitaufanyia nini. Nilifikiri labda nitautandika mbele yao wote niseme, tazameni, kilianzia hapa. Nilifikiri pia labda nitaurudisha nyumbani bila kuufungua, kwa kuwa hawastahili kuuona. Jengo ni zuri, siwezi kusema uongo. Lina makochi ya rangi ya udongo, tangi la samaki, maji yanayotiririka kwenye mawe kwa umeme, na ukutani wamechora maneno ya kumwambia mtu avute pumzi. Juu ya mlango kuna jina lake. Zilisomwa hotuba. Kiden alikuwa amenenepa, ana miwani, anatembea polepole, na aliposhika kipaza sauti alisema jambo moja tu, kwamba chumba cha kwanza kilitengenezwa na Kaltuma wa Koboko, na yeye alikuja kukaa tu. Watu wakapiga makofi wakimtazama yeye, wakisifu unyenyekevu wake. Hata hapo alinishinda.

Wageni walipokwenda bustanini kunywa chai, mimi nilibaki ndani, na Kiden akaja. Wanafunzi wachache walikuwa kwenye makochi na simu zao. Alisimama katikati ya chumba chake, akatazama huku na huku, akaangalia makochi, akaangalia samaki, mtu mzima asiyejua akae wapi. "Kaltuma," alisema, "mukeka iko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Gunia lilikuwa miguuni pangu. Nililifungua, nikautoa mkeka, nikautandika sakafuni kati ya makochi, na kumbe bado una harufu ya ubani. Kiden akavua viatu. Akashuka kwa shida, akishikilia kochi, akakaa, akapapasa ukingo ambao Mama aliushonea kitambaa ulipoanza kufumuka. Msichana mmoja mwanafunzi alitazama mkeka, akatazama viatu, akaweka simu kando. Akavua raba zake, akaja akakaa ukingoni, miguu ameikunja upande. Hakuna aliyemwambia. "Auntie, pole," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mutu gani imekufa?"

Nikamwona Kiden midomo inaanza kutetemeka. Nikaona mabega yake yanajikusanya, kwa namna ile ninayoijua, ya gari linalotaka kuwaka, na wivu wangu wote wa miaka yote ukanipanda mpaka kooni. Juu ya mkeka wetu. Kwa ajili ya mama yangu. Na atanitangulia tena.

"Kiden," nilisema, nikamshika mkono. "Huyu ni mama yangu. Ngoja nianze mimi."

Alinitazama. Akabana midomo, akajifuta uso kwa kiganja, akajisogeza pembeni akaniachia katikati. Nikavua viatu, nikakaa, goti likalia kabla yangu. Nikamgeukia yule msichana aliyeuliza.

"Mama yangu," nilimwambia. "Mama yangu iko kufa. Kule Koboko."

Nikalia mimi kwanza. Kiden alingoja zamu yake.